Ngazi Sitini na Mbili

Jumamosi tulipanda basi kwenda kuitazama:
ghorofa ya chini, Cathcart, na uani nyuma
panatosha kamba moja ya nguo na mti wa tufaha
usiozaa, dalali alisema, ila unachanua.
Viatu vyake havikuwa na tope. Glasgow, mwezi Machi,
na viatu havina tope.

Akafungua mlango, akatuachia kimya.
Sijui niseme vipi. Kimya chenye uzito,
kama blanketi lililolowa.
Nikazisikia bangili zangu.
Nikalisikia tumbo la Haroub likidai chakula
naye akakohoa kulifunika.
Ng'ambo ya barabara pazia likasogea kidogo, likarudi.
Hakuna aliyepita. Hata mbwa mmoja
alitutazama akaona hatustahili kubwekewa.

"Hapa mtoto atalala," Haroub alisema,
kwa sauti ya mtu aliyemo msikitini.

Na kweli usingizi unahitajika, kwake yeye kwanza.
Hutoka zamu ya hospitali saa mbili asubuhi,
na Govanhill ndiyo kwanza inajinyoosha:
muuza samaki anaburuta makreti,
lori linarudi nyuma likilia tii, tii, tii,
na kijana wa ghorofa ya kwanza na kodiani yake,
wimbo mmoja tangu Krismasi, bado anakosea palepale.
Haroub hujibandika mto kichwani.
Nimemwona akilia kwa usingizi, mtu mzima na ndevu zake.

Ngazi ni sitini na mbili. Nazihesabu kila siku
kwa kuwa Julai nitazihesabu na kigari cha mtoto.
Ya kumi na nne ina vigae vya chupa kila Jumapili.
Ya thelathini najishikiza ukutani.
Ya arobaini na moja ndipo mlango wa Bi Maureen,
ambaye husikia nikihema akatoka na kiti.
Haniulizi. Ananiwekea, anarudi kwenye televisheni yake.
Juu kwetu, kuvu kwenye kona ya chumba.
Tunaipaka rangi, inarudi.
Tunaipaka, inarudi na nduguze.

Mama kwenye simu, kutoka Tanga:
"Kimya cha nini? Mtoto hulelewa penye watu.
Wewe ulilala kinu kikitwangwa kichwani pako."
Nikamwambia, Mama, kinu hakimwagi vigae ngazini.
Akanyamaza. Kisha:
"Na huko kwenye kimya chenu,
uchungu ukikushika na mwenzio yuko zamu,
utamgongea nani?"

Nimelifikiria sana lile pazia.

Haroub ana daftari. Kushoto kodi ya hapa,
kulia kodi ya kule, katikati mstari
alioupitishia kalamu hadi karatasi ikatoboka.
Chini kabisa ameandika: kiti cha Maureen, pauni ngapi?
Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nyinyi mnaosema kupanga ni kuchagua,
njooni basi mnichagulie.

Nilimngoja mtoto anipe ishara.
Pale penye mti wa tufaha alipiga teke.
Nikasema, haya, amepapenda.
Tukarudi, king'ora kikapita chini ya dirisha,
akapiga teke, lilelile, ubavuni palepale.
Hana upande. Ana miguu tu.

Dalali anataka jibu kesho, saa sita mchana.
Baa imeshafunga. Huko chini
mtu anamwimbia mwanamke ambaye nadhani ameshaondoka.
Haroub yuko kazini. Fomu iko mlangoni mwa friji,
imebanwa na sumaku ya ng'ombe mwenye manyoya machoni.
Nimejaza jina. Nimejaza tarehe, na jina la mwajiri.
Penye idadi ya wakazi niliandika wawili,
nikakata,
nikaandika watatu,
sikuendelea.

Ngazi ya arobaini na moja, kiti kinaburutwa.
Bi Maureen naye hajalala.